Nani Ana Haki ya Kutazama? Mlima, Nyangumi na Historia ya Safari ya Familia

Kila ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Chalinze, Korogwe na Same hujaa magari yaelekeayo Moshi. Mabasi huongezewa vibali vya safari, nauli huzua manung'uniko, na askari wa usalama barabarani hukesha. Husafiri baba, mama, watoto, bibi aliyekuwa mjini kwa matibabu, na mpwa anayesoma chuo. Hii ni mojawapo ya safari kubwa za kifamilia katika nchi yetu, ingawa haimo katika kipeperushi chochote cha utalii. Wasafiri hawa huupita mlima ambao watu huvuka bahari kuja kuuona. Hupandisha Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, huchinja mbuzi, huzuru makaburi ya wazee, na mwezi wa kwanza hurejea kazini. Wengi wao hawajawahi kupita lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Kutokana na hali hiyo imezoeleka kauli inayorudiwa kwenye semina na warsha, kwamba Mtanzania hana utamaduni wa kutalii. Huambiwa ajifunze kwa wageni, apende vya kwao, atenge fedha kidogo ampeleke mtoto akaone tembo. Kauli hiyo husemwa kwa nia njema, lakini haina historia ndani yake. Humlaumu mtu kwa kutokuwepo mahali alipozuiwa kuwepo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Katika makala hii ninataka kuieleza historia hiyo kwa kuvitazama viumbe viwili. Wa kwanza ni mlima wenyewe, maana kwa Wachaga ni kiumbe, una uso na mgongo. Wa pili ni nyangumi, ambaye kila mwaka hupita kando ya pwani yetu, na ambaye familia ya Kibosho ina haki ya kwenda kumwona sawa na familia ya Hamburg. Hoja yangu ni moja: kutazama maumbile kwa ajili ya furaha kulijengwa nchini mwetu kama haki ya mnunuzi, naye mwananchi akapangiwa kazi ya kubeba, kuongoza njia na kuendesha mashua. Mpango huo ulitungwa na watu, kwa sheria na kwa bajeti, na kwa sheria na bajeti unaweza kupanguliwa.

Neno moja: baridi

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya kilele kilicho mbele yake. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Rebmann mwenyewe aliandika kwamba alipouliza weupe ule ni nini, kiongozi wake alimjibu kwa neno moja tu: baridi. Aidha alisimuliwa Uchagani kwamba mtawala mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wapande kukichunguza kitu kile cheupe, na kwamba baridi iliwadhuru vibaya.

Tuzingatie maana ya habari hizo. Kabla ya mgeni yeyote kuandika lolote, kulikuwa na watu walioutazama mlima, wakauliza maswali, wakatuma ujumbe wa uchunguzi na kulipa gharama ya uchunguzi huo kwa vidole vyao. Lakini habari ya theluji ilipofika London, ubishi uliozuka ulikuwa kati ya Wazungu kwa Wazungu. William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kufika huku, alishikilia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 ndizo zilizoelekea kuumaliza ubishi huo. Katika muda wote huo hakuna aliyefikiria kumwita shahidi mtu wa Machame aliyeamka kila siku akauona mlima juu ya migomba yake.

Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kilele cha Kibo. Meyer akakipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, akachukua jiwe la kileleni, na jiwe hilo likapelekwa kupamba jumba la kifalme huko Potsdam. Miongoni mwa waliofanikisha safari ile alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki kambini juu katika baridi kali akiwasubiri wapandaji. Mtu wa bahari alikaa kwenye ukingo wa barafu ili wengine wakatazame. Uchagani nako, jina la mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu lilikuja kutukuzwa mwaka 1989, wakati wa kumbukumbu ya miaka 100 ya safari hiyo, akitajwa kuwa mmoja wa waongozaji wa wakati ule. Ilichukua karne nzima kumpatia mwenyeji nafasi katika hadithi ya mlima wake, na hata hapo nafasi aliyopewa ilikuwa ya mwongozaji wa mgeni.

Bunduki kwanza, kamera baadaye

Mtalii wa leo ana babu, na babu huyo ni mwindaji. Katika miaka ya 1880 wawindaji wa Ulaya walilifanya eneo la Taveta na nyanda zinazouzunguka mlima kuwa uwanja wao. Walipoona kwamba wanyama wanakwisha, sheria ikatungwa. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyamapori katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Amri hiyo iliweka leseni za uwindaji na kutenga maeneo mawili ya akiba, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi mwa Kilimanjaro. Mwenye fedha ya leseni aliendelea kuitwa mwindaji. Asiyekuwa nayo, aliyetega wavu kama baba yake alivyotega, alianza safari ya kuitwa jangili.

Hatuwezi kuitenga sheria hiyo na mambo mengine ya wakati ule. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wenzake, na kwa simulizi za ukoo wake kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Wajukuu wanakitafuta hadi leo. Utawala ulioondoka na jiwe la kilele na kudaiwa kichwa cha mangi ndio huohuo ulioamua nani awinde na nani asiwinde.

Waingereza waliendeleza kazi hiyo kwa upole zaidi wa maneno. Mwaka 1921 msitu wa mlima ulitangazwa kuwa msitu wa akiba. Idadi ya watu ilipoongezeka na mahitaji ya kuni, majani ya mifugo na mbao yalipozidi, mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kati ya vihamba na msitu ili wananchi wapate mahitaji yao chini ya usimamizi wa baraza la Wachaga. Baada ya uhuru ukanda huo ukapita katika mikono mbalimbali ya usimamizi. Mwaka 1973 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikauweka mlima katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ikashushwa hadi kuumeza msitu wa akiba.

Sisemi kwamba msitu haukustahili kulindwa. Maji ya mifereji ya Wachaga na ya mto Pangani hutegemea msitu ule, na aliyeona kijito kikikauka hahitaji kuhubiriwa. Ninachosema ni kwamba kwa mama wa Uru au Mbokomu, neno hifadhi lilimfikia kwanza kama katazo. Alilijua kama mahali anapokamatwa na mzigo wa majani. Kumgeukia leo na kumwuliza kwa nini hawapeleki watoto kutembea humo siku ya mapumziko ni kumdai mapenzi mtu uliyemfungia mlango.

Bahari nayo ina habari inayofanana. Watu wa pwani walimfahamu nyangumi tangu kale. Mwandishi wa Kiarabu al-Masudi, katika karne ya 10, alitaja ambari ya nchi ya Zanj, na ambari hutoka tumboni mwa nyangumi. Ilichukuliwa pale mawimbi yalipoitupa ufukoni, bila nyangumi kuwindwa kwa ajili yake. Karne ya 20 ilileta meli za mvuke na mizinga ya mikuki. Kituo cha Durban kilianza kazi mwaka 1908 na hakikufungwa hadi 1975. Katika bahari za kusini mwa dunia waliuawa nyangumi kibyongo zaidi ya 200,000 katika karne hiyo, kwa ajili ya mafuta hasa. Kibyongo ndiye nyangumi mwenye mapezi marefu ya ubavuni, ambaye hula katika maji ya barafu ya kusini kisha husafiri hadi maji yetu yenye joto kuzaa na kunyonyesha. Alipigwa marufuku kuwindwa kusini mwa dunia mwaka 1963, na mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapitisha uamuzi wa kusitisha uwindaji wote wa kibiashara, ulioanza kutekelezwa msimu wa 1985 na 1986.

Hivyo mlimani na baharini mfuatano ni ule ule: kuua, kukataza, kisha kuuza mandhari.

Mwaka 1961

Kwa mtu anayetaka kuielewa sera yetu ya utalii, mwaka 1961 ni mwaka wa kusoma kwa makini. Mwezi Septemba, mjini Arusha, Julius Nyerere alitoa tamko la uhifadhi lililokuja kujulikana kama Azimio la Wanyamapori la Arusha, akiahidi kwamba serikali ya Tanganyika huru itawalinda wanyama kwa ajili ya vizazi vijavyo. Lakini pia inakumbukwa kauli yake ya wakati huo, ambayo ilikuwa na ukweli usiofichwa: kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kuwatazama mamba, ila alifahamu kuwa maelfu ya watu wa Ulaya na Marekani wana hamu hiyo ya ajabu, na alitarajia wanyamapori waje kuwa chanzo kikubwa cha mapato baada ya almasi na katani.

Miezi mitatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera hadi kilele cha Kibo. Kilele kilichoitwa kwa jina la Kaiser kikaitwa Uhuru.

Matendo hayo mawili yanasimama upande kwa upande katika historia yetu. La mwenge lilisema kwamba mlima ni wa kila mtu, na kwamba nuru yake iwafikie hata walio nje ya mipaka. La Septemba lilisema, bila kificho, kwamba wanyama ni bidhaa ya kuwauzia wenye hamu ya ajabu. Kwa nchi iliyokuwa inaanza na walimu wachache na hospitali chache zaidi, hesabu hiyo ilieleweka. Shida ni kwamba hesabu ya dharura iliachwa ikawa falsafa. Mwenge tuliuimba, na hesabu ndiyo tuliyoitekeleza.

Mjadala wa 1970

Mwaka 1970 uliibuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard, uliochochewa na wanafunzi wa Umoja wa Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1973 Issa Shivji aliyakusanya maandishi ya mjadala huo na kuyahariri kuwa kitabu. Vijana walihoji: je, nchi iliyotangaza ujamaa mwaka 1967 inaweza kujenga hoteli za fahari, kuwazoeza vijana wake utumishi wa kutabasamu, na bado ikajiita ya kijamaa? Watetezi wakajibu kwamba fedha za kigeni zinahitajika, na kwamba mtalii akidhibitiwa hana madhara.

Mjadala ule ulikuwa na akili nyingi, na nawashauri wanafunzi wausome. Lakini ukiusoma leo utaona kitu kimoja ambacho pande zote mbili zilikichukulia kuwa kimekwisha kuamuliwa: mtalii anayezungumzwa ni mgeni. Swali lilikuwa tumkaribishe au tumkatae. Swali la iwapo mfanyakazi wa kiwanda cha magunia cha Moshi naye anastahili kupumzika na watoto wake na kuwatazama pundamilia lilipata nafasi ndogo mno. Ujamaa ulimkumbuka mfanyakazi shambani, shuleni na zahanati. Katika mapumziko yake haukumfuata.

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, ukiwa na njia ndefu ya kupokea ndege kubwa za ng'ambo. Kwa upande wa pili, treni ya abiria, iliyokuwa chombo cha mwenye kipato kidogo kutoka mlimani kwenda pwani, ilikufa katika miaka ya 1990. Reli ile ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Ilibidi kungoja hadi Desemba 2019 ndipo treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ikarejea, baada ya takriban miaka 25 ya kimya. Ukitaka kujua serikali inamtambua nani kuwa msafiri, tazama ni chombo gani ilichokihudumia na kipi ilikiacha kishikwe na kutu.

Safari iliyokuwapo

Nirudi kwenye barabara ya Desemba. Wale wasemao kwamba hatuna utamaduni wa safari ya familia hawajaitazama barabara hiyo. Safari ya kurudi Uchagani ina historia yake inayofahamika. Kihamba kiliipa mahali: shamba la migomba na kahawa lenye makaburi ya ukoo, ambalo haliuzwi kirahisi. Ukristo uliokita mizizi katika miaka ya 1890, kwa misheni za Kilema, Kibosho na Machame, uliipa tarehe. Kahawa iliipa fedha, hasa baada ya wakulima kuunda umoja wao mwaka 1925 na baadaye KNCU mwaka 1933. Fedha hiyo ilisomesha watoto, watoto wakatawanyika mijini, na waliotawanyika wakawa na sababu ya kurejea.

Ndani ya safari hiyo mna kutazama kwingi. Mtoto aliyezaliwa Mbagala huonyeshwa mpaka wa kihamba kwa majani ya isale. Huonyeshwa mfereji uliochimbwa na babu wa babu yake. Asubuhi mawingu yakiondoka, mtu mzima humshika bega na kumwambia: tazama, leo Kibo imefunguka. Hakuna tiketi, na mwongozaji ni shangazi. Huo ni utalii ulio kamili, ila umekosa jina kwa sababu haulipwi kwa dola.

Kwa hiyo uwezo wa kusafiri kama familia tunao, na hamu ya kutazama tunayo. Kinachokosekana ni njia itokayo kwenye safari ile ya lazima ya ukoo kwenda kwenye safari ya pili, ya kuona kisicho cha ukoo wetu: Mchaga aone bahari, Mmakunduchi aone barafu. Safari hiyo ya pili ndiyo inayomfanya mtu aione nchi nzima kuwa yake.

Nyangumi na kalenda ya likizo

Tuchukue mfano wa nyangumi, kwa sababu unaonyesha vikwazo vilivyo. Kati ya Julai na Oktoba, kibyongo huonekana baharini Mtwara, Mafia, Kizimkazi upande wa kusini wa Unguja, na Watamu nchini Kenya. Hurusha pumzi yake juu kama moshi, huinua mkia, na mara nyingine huruka mwili mzima. Mama huwa na ndama ubavuni. Ni jambo ambalo mtoto akiliona mara moja hulikumbuka hadi uzeeni.

Sasa tuichukue familia ya mwalimu wa shule ya msingi wa Kirua Vunjo, yenye watoto watatu. Likizo ndefu ya katikati ya mwaka huangukia Juni na siku za mwanzo za Julai. Nyangumi wanapofika kwa wingi, shule zimefunguliwa. Likizo ndefu ya pili ni Desemba, na Desemba ni ya kihamba. Desemba hiyo hiyo ndiyo msimu wa papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko samaki wote, karibu na Kilindoni kisiwani Mafia. Mwalimu huyu ana haki ya likizo ya mwaka yenye malipo, na ni mtumishi wa umma ambaye kwa kipindi maalumu hulipiwa nauli ya likizo pamoja na familia yake. Lakini nauli hiyo hulenga kumfikisha nyumbani kwao. Kama anafundisha kulekule alikozaliwa, hana pa kupelekwa. Utaratibu wenyewe una sura ya likizo ya ofisa wa kikoloni aliyelipiwa meli arudi kwao Uingereza: likizo ni kurudi, na si kuona nchi.

Akitaka kwenda kwa fedha zake, ahesabu basi hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, gari hadi Kizimkazi, mahali pa kulala, kisha mashua ambayo bei yake imepangwa kwa kumfikiria mgeni. Kila nauli azidishe mara tano. Mkulima wa kahawa na muuza ndizi wa Mwika wana hali ngumu zaidi, maana wao hawana hata hiyo likizo yenye malipo. Hapa ndipo inapoonekana udhaifu wa kujivunia kiingilio nafuu cha raia. Ni kweli kwamba katika hifadhi zetu raia hulipa kwa shilingi, na kiasi kidogo sana kuliko mgeni alipaye kwa dola. Hilo ni jema. Lakini kiingilio ni sehemu ndogo ya gharama, na aliyeshindwa kufika langoni hafaidiki na unafuu wa langoni.

Tena soko lililojengwa kwa ajili ya mnunuzi wa haraka lina madhara kwa kiumbe anayetazamwa. Kizimkazi pomboo waliwindwa, nyama yao ikatumika kama chambo cha papa, hadi miaka ya 1990 utalii ulipochukua nafasi ya uwindaji. Hayo yalikuwa maendeleo. Lakini mashua zilipokuwa nyingi, zikawa zinawakimbiza pomboo na kuwazingira ili wageni warukie majini kati yao, na watafiti wa bahari wameonyesha kwamba pomboo hao hupata muda mdogo wa kupumzika. Nahodha anajua kwamba si sawa. Lakini mgeni wake anaondoka kesho, na asipompa alichokiona kwenye picha atamlalamikia. Mtazamaji atakayerudi mwakani na mwaka unaofuata, akiwa na watoto waliokwisha kujifunza, humpa nahodha nafasi ya kuwa mwalimu.

Mbiu ya mgambo

Yapo mambo ya kujifunza kwingine. Kutazama nyangumi kama shughuli ya watu wengi kulianza San Diego, Marekani, mwaka 1950, pale eneo la ukumbusho la Cabrillo lilipotengwa kuwa mahali pa umma pa kutazamia wanyama hao kutoka nchi kavu. Watu wapatao 10,000 walifika mwaka wa kwanza. Mashua ya kulipia, kwa dola moja, ilikuja baadaye, mwaka 1955. Huko Hermanus, Afrika Kusini, watu huwaona nyangumi wakiwa wamesimama kwenye njia ya miguu juu ya majabali, na tangu mwaka 1992 mji huo umekuwa na mtu wa kazi ya kupuliza baragumu kila nyangumi waonekanapo. Sisi tuna methali iliyotangulia kazi hiyo: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu humwita kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji filamu wala kampeni ya matangazo.

Kwanza, nauli ya likizo ya mtumishi wa umma iruhusiwe kutumika, kwa hiari yake, kwenda mkoa mwingine wowote nchini pamoja na familia yake. Fedha hiyo imekwisha kuwekwa katika bajeti, na kinachobadilika ni mwisho wa safari tu.

Pili, shule za kata za Moshi Vijijini, Hai na Rombo zipangiwe siku za kuingia hifadhini bila malipo hadi Mandara na kreta ya Maundi, zikiongozwa na wale wapagazi wanaojiita wagumu, nao walipwe kwa siku hizo. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Mtu aliyebeba kilo 20 kwa miaka kumi anaujua mlima kuliko vitabu vyetu, na mtoto wake mwenyewe awe wa kwanza katika msafara huo.

Tatu, tutenge sehemu za umma za kutazamia, za bure, zenye kivuli, maji na maelezo ya Kiswahili: mlimani kwenye miinuko inayoiona Kibo, na pwani mahali panapoona njia ya nyangumi. Sambamba na hayo, kanuni za mashua ziwekwe na wavuvi wenyewe wakishirikiana na wataalamu, juu ya umbali na idadi ya vyombo vinavyoruhusiwa kumkaribia mnyama.

Nne, treni ya Moshi iwe na siku za nauli ya familia wakati wa likizo fupi ya Septemba, ambayo huangukia katikati ya msimu wa nyangumi. Kutoka Moshi hadi Tanga ni kilomita zipatazo 350 tu kwa barabara.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina haja ya kufikiria nyangumi. Naiheshimu hoja hiyo, na hata Mwalimu mwaka 1961 alifikiri hivyo. Lakini tujiulize ni nani atakayelilinda tusilolijua. Raia aliyeukuta mlima umefungwa, na bahari imekodishwa, hatakuwa na sababu ya kusimama mtu mkubwa atakapokata kipande cha msitu au kufukia ufukwe. Atasema hayo ni mambo ya watalii, naye atakuwa anarudia somo tulilomfundisha.

Muda nao hautungoji. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na wapo watoto waliozaliwa mwaka huu Kilema ambao huenda wakawa watu wazima bila barafu ya kuonyeshwa. Nyangumi, kwa upande wao, wanaongezeka tangu walipoacha kuuawa, na hilo linatuonyesha kwamba uamuzi wa binadamu huweza pia kurejesha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, majira yaleyale ambapo kibyongo wa kwanza huingia katika maji yetu. Wenye kuandaa bajeti ni baadhi yenu mnaosoma hapa.